Kundi la Kulinganishia

Kila asubuhi, kabati la darasa la jirani lilipofunguliwa na vitabu vikaanza kugawiwa, Shangazi, mwalimu wa Darasa la Kwanza B, aliwatoa watoto wake nje wakafagie uwanja. Uwanja ulikuwa umeshafagiliwa jana na juzi, na kwa kufagiliwa kila siku ulibaki udongo mtupu usio na hata jani la kuokota, lakini agizo ni agizo. Waliopata mafagio walifagia kwa mafagio. Waliokosa walivunja vijiti kwenye ua wa shule, na waliokosa vijiti walisukuma vumbi kwa viganja, wakakohoa, wakacheka, wakapakana. Ndani, Darasa la Kwanza A walikuwa wameanza: ma, me, mi, mo, mu. Baada ya muda mfupi mafagio ya nje nayo yakawa yanakwenda kwa mdundo huohuo, na midomo ikafuata.

"Tunafagia kwa mikono," Shangazi aliwaambia. "Midomo ipumzike."

Wakanyamaza kidogo. Kisha wakaanza tena, chinichini, wakimtazama kwa pembe ya jicho.

A na B lilikuwa darasa moja kubwa lililokatwa katikati kwa mbao nyembamba, na fundi aliyezipigilia aliishiwa mbao kabla hajafika darini. Hapo zamani hilo halikumsumbua mtu. A wakiimba, B waliitikia. B wakichapwa, A walinyamaza kwa heshima. Kisha ukaja utafiti.

Ulikuja na gari, makasha, na Daktari ambaye hakutibu mtu. Watoto waliposikia kuna daktari shuleni, nusu yao walijificha chooni wakihofia sindano, na ikabidi Mwalimu Mkuu akawatoe mmoja mmoja kwa kuwaapia kwamba huyu ni daktari wa kusoma tu. Alikuwa mtu mpole, wa kuongea polepole, aliyewapa walimu mkono, akawauliza habari za nyumbani na kungoja jibu. Alieleza kwamba amebuni njia mpya ya kuwafundisha watoto wa madarasa ya chini kusoma na kuandika, na sasa anataka kuipima kama kweli inafanya kazi. Ili kuipima, darasa moja lipewe na lingine lisipewe, halafu mwishoni yalinganishwe.

Kura ilipigwa ofisini, ndani ya kofia ya Mwalimu Mkuu. Mwalimu wa A alichomoa karatasi yenye alama ya vema. Shangazi alichomoa karatasi nyeupe, akaigeuza upande wa pili, nako kulikuwa kweupe.

Basi A wakapata vitabu vya picha, kadi za herufi, ubao mpya na mwalimu aliyepelekwa semina. B hawakupata kitu, na kutopata kitu ndiyo ilikuwa kazi yao katika utafiti. Waliitwa kundi la kulinganishia. Shangazi alipewa maelekezo mafupi: afundishe kama alivyokuwa akifundisha siku zote, asiazime kitabu cha A hata kimoja, asimwulize mwenzake alichojifunza semina.

"Na hawa wangu watapata lini?" aliuliza.

"Njia ikithibitika, mwaka ujao," Daktari alijibu. "Wao, na shule zote. Hilo nimelisimamia mwenyewe. Lakini lazima kwanza ithibitike."

Shangazi alimwamini, kwa sababu mtu yule hakuwa mwongo. Hilo ndilo lililomponza.

Ilipogundulika kwamba sauti inapita juu ya ukuta, Daktari aliguna, akasema huo ni uchafuzi wa utafiti. Alisema bila ubaya, kama fundi anayesema bomba linavuja. Kumalizia ukuta hakukuwamo katika mipango ya mradi. Mwalimu Mkuu ndiye aliyepata ufumbuzi: kipindi cha A kikianza, B watoke nje wakafagie, itahesabika pia kuwa usafi wa mazingira.

Shangazi hakubisha. Alikuwa mwalimu wa muda, na mwalimu wa muda habishi. Muda wenyewe ulikuwa umekwenda miaka, akifundisha kwa posho inayokuja inapojisikia, huku wenye barua za ajira wakija, wakihamishwa na kupanda vyeo mbele ya macho yake. Safari hii Mwalimu Mkuu alikuwa amemhakikishia kwamba jina lake limefika ofisi ya elimu, linangoja tu mapendekezo ya mwisho wa mwaka. Barua hiyo aliiota mchana kweupe. Nyumbani alikuwa na mama mgonjwa wa miguu, na mtoto wa marehemu kaka yake, msichana mdogo, mwepesi, asiyetulia mahali pamoja, ambaye hata bibi yake mzazi alimwita Kiroboto. Kiroboto alikuwa B. Ndiye aliyelileta jina la Shangazi darasani: siku ya kwanza alinyoosha kidole akasema, "Shangazi, naomba kutoka," na tangu hapo darasa zima halikumwita kitu kingine. Mwalimu Mkuu alijaribu kurekebisha, akachoka, mwisho naye akamwita hivyohivyo.

Siku moja, katika kufagia huko, Shangazi aliona watoto wamekusanyika mahali pamoja na hakuna vumbi linalopanda. Akaenda. Kiroboto alikuwa amechuchumaa, fagio amelipindua, na kwa mpini wake alikuwa ameandika mama, na chini yake meno, na chini yake mimi. Wenzake walikuwa wakiyasoma kwa zamu, wakisukumana kwa kugombea nafasi.

Shangazi alitazama dirisha la ofisi, kisha akafuta kwa kiatu. Watoto walimkodolea macho. Walishazoea kufutiwa makosa, lakini hapa hawakuliona kosa liko wapi, na mmoja akamwambia kwa upole kwamba Shangazi, ile ilikuwa imeandikwa vizuri. Aliona haya mbele yao. Miaka yote alikuwa akiwabembeleza na kuwakaripia watoto waandike, na leo amelifuta neno kwa kosa la kuandikwa.

Tangu siku hiyo, wakirudi ndani alifunga mlango. Hakuchukua kitabu cha A, wala hakumwuliza mwenzake kitu. Katika hilo alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Alichukua chaki akawauliza watoto wamesikia nini leo, wakamwambia, akaandika ubaoni. Maneno yalipokwisha wakasoma mfuko wa saruji uliozibia dirisha. Wakasoma kalenda ya zamani, karatasi za sabuni, na fulana ya mtoto mmoja iliyokuwa na jina la mgombea aliyeshindwa uchaguzi. Njia ya Daktari ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Ilipita juu ya ukuta ikiwa vipandevipande, na bado ilifanya kazi.

Katikati ya mwaka watoto wakapimwa. Aliyewapima alikuwa dada mmoja wa mradi, mwenye kishikwambi na saa ya kuhesabia, na aliwekwa stoo, kati ya majembe na madawati mabovu. Mtoto aliingia peke yake, akaoneshwa hadithi fupi, akaambiwa asome. Shangazi alikaa darasani, asijue aombe wasome au wasisome. Kiroboto alirudi anarukaruka. Alisema amesoma hadithi ya mbuzi mpaka mwisho, akamwuliza dada kama anayo nyingine, na dada akacheka.

Daktari hakucheka. Alikuja mwenyewe, na Shangazi akaitwa kwenye ofisi ya Mwalimu Mkuu, ambayo mradi ulikuwa umeiezeka bati jipya. Alikuta viti viwili, vyote vimekaliwa. Daktari akainuka ampishe. Mwalimu Mkuu akamwambia mgeni wake akae tu, walimu wa madarasa ya chini wamezoea kusimama.

Daktari akamwonesha kwenye kompyuta mihimili miwili ya rangi, wa alama za A na wa alama za B. Ilikuwa karibu sawa.

"Unaliona tatizo?" aliuliza.

Shangazi aliona mihimili miwili mirefu. "Wamejua kusoma," alisema.

"Wamejua. Na mimi kama binadamu nafurahi, niamini." Alivua miwani. "Lakini mtu atakayeisoma ripoti yangu ataelewa hivi: ukipewa njia mpya na usipopewa, ni yaleyale. Wafadhili watafunga mradi. Vitabu hakuna, si kwa hawa wako, si kwa mtoto mwingine yeyote. Darasa lako limechafuka, mwalimu. Sisemi kwa kukulaumu."

"Sasa wafanyweje?"

Daktari aliifuta miwani kwa muda mrefu. Alisema yeye hawezi kumwelekeza mwalimu wa kundi la kulinganishia afanye nini. Maadili ya utafiti hayaruhusu. Alichoweza ni kuomba kipimo hiki kihesabiwe kuwa cha majaribio, na kile cha mwisho wa mwaka ndicho kiwe chenyewe. Akaaga, akampa Shangazi mkono, akamwuliza hali ya miguu ya mama. Gari lilipoondoka, Mwalimu Mkuu alisukuma mlango ukafungika.

"Umemwelewa?"

"Amesema hawezi kunielekeza."

"Basi mimi naweza. Siku hiyo ya kipimo, watoto wako wawe hawajui. Siku moja tu. Wakinyamaza, shule zote zinapata vitabu. Wakisoma, wamesoma wao peke yao na mambo yameishia hapo. Wewe ni mlezi, pima mwenyewe."

"Wataandikiwa sifuri, Mwalimu Mkuu."

"Sifuri ya nini? Zile ni karatasi za watafiti. Zinakwenda chuo kikuu zinafungiwa kabatini, hakuna anayesoma hata jina la mtoto." Akavuta droo, akaifunga bila kutoa kitu. "Na mimi nina mapendekezo yako ya kuandika. Nataka niandike vizuri. Usinipe kazi ngumu, Shangazi."

Katika chumba kile hakuna aliyelitamka neno kudanganya. Shangazi alilitafuta baadaye katika yote yaliyosemwa, asilione. Alichokiona ni vitabu vya watoto wasiohesabika upande mmoja, na upande wa pili kimya cha watoto wake kwa siku moja. Ulikuwa mzani mwepesi kuusoma. Lakini kila alipoufikiria, kilichomjia kwanza hakikuwa vitabu, ilikuwa barua ya ajira, na kwa hilo alijichukia.

Kumfundisha mtoto kusoma ni kazi ya jasho, ila ina njia zake. Kumfundisha asisome, hakuna semina ya kazi hiyo. Shangazi alianza kwa kuwaambia kwamba ni mchezo. Dada wa kishikwambi atakuja, atakuonesha maandishi, na wewe utasema hujui. Anayesema hajui ndiye mshindi. Watoto walifurahi, wakauliza kama dada mwenyewe anajua kuwa ni mchezo. Akasema hajui, na ndiyo utamu wake. Kisha akageuka akaandika neno ubaoni.

"Nyumba," lilisema darasa zima.

"Hapana. Hatusomi. Tunatazama tu."

Akaandika lingine. Safari hii nusu yao walilisoma. Waliobaki walikuwa wameziba midomo kwa mikono yote miwili, na juu ya mikono macho yao yalikuwa yakitoka kushoto kwenda kulia. Akawaambia macho nayo yatulie. Wakajaribu kufumba, lakini aliyefumba dada angemshtukia. Wakajaribu kutazama juu ya neno, pembeni ya neno, katikati ya herufi mbili. Mtoto mmoja aliangua kilio. Alisema yeye anatazama tu, Shangazi, ila lenyewe linajisoma.

Walijizoeza hivyo kila siku, mlango umefungwa. Aliyeponyokwa na neno alikwenda kusimama nyuma ya darasa, na aliyenyamaza alipigiwa makofi. Kulikuwa na mtoto mmoja ambaye kwa kweli alikuwa bado hajajua, peke yake katika darasa zima. Huyo alishinda kila siku, akawa kiongozi wa mchezo, akawaonesha wenzake jinsi ya kulegeza shavu na kuliangalia neno bila kuwa na habari nalo. Kichwa kilimvimba, maskini. Shangazi alimpigia makofi pamoja na wengine, na moyo ulimuuma kwa namna ambayo hakuwahi kuumwa tangu aanze ualimu.

Kiroboto ndiye aliyekuwa mgumu. Jioni moja, wakianua nguo kwenye kamba, alitaka kujua bibi akimwuliza kama amejua kusoma amjibu nini. Shangazi akamwambia bibi aambiwe ukweli.

"Na dada?"

"Kwa dada ni mchezo. Nimeshawaambia."

Kiroboto alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Alifurahi nilipomsomea ile ya mbuzi. Aliniuliza nani mwalimu wangu. Nikamwambia ni shangazi yangu wa kweli."

Shangazi alianua nguo nyingine. "Ukimwambia hujui, mwakani utapata kitabu cha kwako mwenyewe. Cha picha. Hata kulala utalala nacho."

"Si cha kuazima?"

"Si cha kuazima."

Ahadi hiyo aliitoa kwa mdomo wake, na wakati anaitoa aliiamini kabisa.

Siku ya kipimo aliwekwa mlangoni mwa stoo kuwapanga watoto. Mlango wa stoo haukuwa na komeo, ulirudi nyuma kila ulipofungwa, na yote ya ndani yalimfikia. Mtoto wa kwanza akasema hajui. Wa pili akasema hajui. Kishikwambi kilikuwa na kanuni yake: mtoto akishindwa mstari wa kwanza, kinajifunga na kudai mwingine. Kwa hiyo walitoka haraka, na kila anayetoka alimtazama Shangazi usoni akingoja sifa. Naye aliwaitikia kwa kichwa.

Kiroboto alipoingia, dada alimkumbuka. Alimsalimia, akamwuliza habari za yule mbuzi. Kiroboto akasema mbuzi hajambo. Dada akamwonesha maandishi.

"Soma tu, mdogo wangu. Kama ile siku."

"Sijui."

"Hata neno la kwanza?"

"Sijui."

"Nani amekwambia useme hujui?"

Shangazi alikuwa hatua moja kutoka mlangoni. Angeweza kuusukuma. Angeweza kusema ni mimi, mwache mtoto, na Kiroboto angesoma hadithi yote mpaka nukta ya mwisho, na mambo mengine yangekuwa yatakavyokuwa. Alijua hayo yote akiwa amesimama, na akaendelea kusimama.

"Hakuna," Kiroboto alisema. Kisha, kwa sauti inayokaribia kulia, akaongeza kwamba hajawahi kujua, ile siku alibahatisha tu. La kubahatisha hakufundishwa na mtu. Alilitunga mwenyewe, palepale, kumkinga shangazi yake.

Dada alitoka akasimama mlangoni. Alimtazama Shangazi, akaitazama foleni ya watoto waliojipanga kwa adabu, kila mmoja ameshalegeza mashavu tayari. Alielewa, ilionekana wazi kwamba ameelewa.

"Na mimi niko kwa mkataba wa muda, dada yangu," alisema taratibu. Akarudi ndani, akaita mwingine.

Matokeo yalikuwa mazuri mno. Mhimili wa A ulikuwa mrefu, na wa B haukuwapo kabisa, palikuwa na mstari tu sakafuni. Daktari alialikwa kwenye makongamano. Mwalimu Mkuu akapewa cheti chenye muhuri wa dhahabu, akakitundika chini ya bati jipya. Njia ilikuwa imethibitika. Na kwa kuwa imethibitika, ilifaa sasa ithibitike pia mahali pengine, kwa hiyo mradi uliingia awamu ya pili: shule mpya, madarasa mapya ya A na mapya ya B. Vitabu vya watoto wote vikasogezwa awamu ya tatu. Daktari aliandika barua pepe ya masikitiko, ndefu na ya heshima, na bila shaka alikuwa amesikitika kweli.

Hayo Shangazi angeyameza. Alishameza mengi. Ila mwaka huo ofisi ya elimu haikuwa na karatasi za kuchapia mtihani wa madarasa ya chini, na ilipopata habari kwamba kuna shule ambayo wataalamu wameshaipima, ikaomba nakala. Mradi ukatoa kwa moyo mkunjufu, kwani kushirikiana na serikali ni mojawapo ya masharti yake. Majina yalikuwamo yote. Na kulikuwa na agizo jipya, kali, kwamba mtoto asiyejua kusoma asivuke kwenda darasa la pili.

Mwalimu Mkuu alimwita kumweleza haya siku ya kufunga shule. Hakumtazama. Alikuwa akipanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Na la ajira nalo limekwama," alisema. "Ofisi imeuliza, mwalimu ambaye darasa lake zima limepata sifuri, nampendekezaje? Jiweke kwenye nafasi yangu."

"Wewe ndiye uliyeniambia."

"Nilikuwa na nani chumbani nilipokwambia?"

Shangazi aliushika ukingo wa meza. "Waite watoto," alisema. "Sasa hivi, hapa. Mpe yeyote karatasi yoyote iliyo mezani kwako, akusomee."

"Ndiyo, watasoma. Najua watasoma." Mwalimu Mkuu sasa aliinua macho, na hayakuwa macho ya ukatili, yalikuwa ya mtu aliyechoka. "Wakisoma leo, maana yake walidanganya mbele ya wataalamu. Darasa zima, kwa kufundishwa. Hapo si suala la kurudia darasa tena, ni kufukuzwa, na wewe polisi. Hivi unataka nini hasa? Waache warudie. Ni wadogo, hawatahisi kitu."

Shangazi alitoka bila kuaga. Nje, watu walikuwa wamejaa mlangoni kwa Darasa la Kwanza. Karatasi ilikuwa imebandikwa pale, na wazazi walikuwa wamekuja na fununu kwamba hayo ndiyo majina ya watakaopewa vitabu. Nani aliyeianzisha hakuna aliyejua, ila kila mmoja alikuwa ameipenda. Wengi wao hawakuwahi kukaa darasani. Mwalimu wa A alikuwa amepita kando upesi akisema ana kikao. Basi walimsimamisha Kiroboto juu ya dawati awasomee, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na ndiye aliyesema anaweza.

Alisoma kidole kikiwa chini ya kila jina: la mtoto, la baba, la babu. Mzazi aliyesikia la kwake alishukuru, mwenzake akampongeza kwa kumpiga bega. Wengine walikuwa wameshaanza kuulizana kama vitabu vitahitaji mfuko au vitabebwa mkononi. Kiroboto alifika kwenye jina lake mwenyewe, lile la shule ambalo hakuna aliyemwita, akalisoma kwa fahari kidogo na kuendelea na linalofuata. Shangazi alikuwa akipenya kati ya watu amfikie. Hakujua akimfikia atafanya nini. Kumziba mdomo alishamziba mara moja.

Mbele kabisa alisimama bibi mmoja mzee, aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake ambaye wazazi wake walikuwa kazini mbali. Jina la mjukuu lilikuwa limeshasomwa, na bibi alikuwa na furaha tele. Alimvuta Kiroboto sketi.

"Mjukuu wangu, na pale juu kabisa, kwenye yale maandishi makubwa, panasemaje? Nikifika nyumbani niwaambie vitabu vyenyewe ni vya nini."

Kiroboto hakuwa amepasoma, alikuwa ameanzia kwenye majina. Alinyanyuka kwa ncha za vidole, akaufikisha mkono juu, na akasoma kwa sauti ya darasani, neno kwa neno, bila kukosea:

"Wanafunzi wa Darasa la Kwanza Wasiojua Kusoma."

Bibi, ambaye masikio yalikuwa yameshachoka, alikinga kiganja nyuma ya sikio, akamwomba arudie.

Akarudia.